Nairobi Haitasafishwa kwa Tingatinga

Itakumbukwa kwamba katika mvua ya masika ya mwaka 2024 mito ya Nairobi ilivunja kingo zake. Katika mabonde ya Mathare na Mukuru maji yaliingia nyumba za mabati, na wakazi wakapanda juu ya mapaa wakiwa wamewabeba watoto wao. Nchini kote mafuriko ya msimu huo yaliwaua watu zaidi ya 200. Hata kabla matope hayajakauka, Serikali iliagiza kila aishiye ndani ya mita 30 kutoka mtoni ahame mara moja. Mwezi Mei matingatinga yalishuka mabondeni, na kile kilichosazwa na maji kikasagwa na chuma. Kaya zilizobomolewa ziliahidiwa Sh10,000 kila moja. Tukaambiwa kwamba hayo yote yalifanywa kwa usalama wa wananchi wenyewe.

Sisi hatutetei mtu kujenga katika njia ya maji. Anayesema kwamba maskini aachwe akae mahali atakapokufa maji, huyo hamtakii maskini heri. Lakini wananchi wana haki ya kuuliza maswali ambayo tingatinga haliwezi kuyajibu. Ni nani aliyewaacha watu hao wajenge hapo kwa miaka 30 na 40, huku machifu wakijua na wenye nyumba wakipokea kodi kila mwezi? Kwa nini nyumba zilizobomolewa mwaka huo zilikuwa zaidi za mabati, ilhali kingo za mito hiyo hiyo, huko juu inakotoka, zina majumba ya mawe yenye hati miliki? Na waliobomolewa walitarajiwa kulala wapi usiku ule?

Tunaandika tahariri hii kwa sababu tunaamini kwamba maswali hayo ni ya kisiasa kabla hayajawa ya uhandisi. Mafuriko ya Nairobi, uchafu wa mito yake, moshi wa Dandora na kiu ya mitaa ya mabanda si adhabu ya Mungu, wala havitokani na umaskini peke yake. Vinatokana na mali ya umma kutawaliwa na watu wasiotoa hesabu kwa umma. Hiyo ndiyo sababu hasa iliyotufanya tudai mfumo wa vyama vingi. Na ni lazima tukiri, ijapokuwa kwa uchungu, kwamba vyama vingi tulivipata lakini hesabu hatujapewa.

Jiji lililogawanywa tangu mwanzo

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, mahali ambapo Wamaasai walipaita Enkare Nyrobi, yaani penye maji baridi. Jina hilo linatusuta kila siku, kwa maana mji uliopewa jina la maji safi leo huwauzia watu wake maji kwa mtungi.

Serikali ya kikoloni iliugawa mji kwa rangi ya ngozi. Wazungu walichukua miinuko ya magharibi na kaskazini, penye hewa nzuri na udongo mwekundu usiotuamisha maji. Waafrika walisukumwa upande wa mashariki, kwenye uwanda wa udongo mweusi ambao mvua ikinyesha hugeuka tope. Walihesabiwa kuwa vibarua wa muda ambao kazi ikiisha hurudi kwao, na mtu wa muda hajengewi mitaro ya kudumu. Mpango mkuu wa mji uliotolewa mwaka 1948 ulitaja waziwazi, hata katika kichwa chake, kwamba huu ni mji mkuu wa koloni. Bendera ilipobadilika mwaka 1963, ramani haikubadilika. Kilichobadilika ni cheti cha kuingilia katika mitaa mizuri: badala ya rangi ikawa ni pesa.

Wakati huo watu walizidi kuja. Sensa ya mwaka 1969 ilihesabu wakazi 509,286 wa Nairobi. Ile ya 1989 ilihesabu 1,324,570. Ile ya 2019 ilihesabu 4,397,073, wote katika eneo lile lile la kilomita za mraba 696. Makadirio yaliyotajwa kwa miaka mingi yanasema kwamba zaidi ya nusu ya watu wa jiji wanaishi katika mitaa ya mabanda, iliyobanwa katika sehemu ndogo mno ya ardhi ya makazi. Hawakujisukumiza kwenye kingo za mito kwa kupenda harufu yake. Walikwenda huko kwa sababu ndiko kulikobaki baada ya wenye nguvu kuchagua.

Na mtu asidhani kwamba maisha ya huko ni rahisi kwa mfuko. Mama anayenunua maji ya mtungi kwa mchuuzi hulipa, kwa kila lita, zaidi ya anavyolipa mwenye bustani na bomba kule Muthaiga. Hulipa kila aingiapo chooni. Hulipa kodi kwa chumba kisicho na dirisha. Maskini wa Nairobi ni mlipaji mzuri sana. Kosa ni kwamba anacholipa hakiingii katika hazina yoyote inayoweza kumjengea mtaro.

Kura iliyonyang'anywa mara mbili

Mwaka 1983 Baraza la Jiji la Nairobi lilivunjwa na mahali pake pakawekwa Tume ya kuteuliwa. Kwa muda wa miaka tisa hivi wakazi wa jiji kuu la nchi yao hawakuwa na diwani hata mmoja wa kumchagua wala wa kumfukuza. Tume hiyo iliendelea hadi baada ya uchaguzi mkuu wa Desemba 1992, na wengi wa waliokuwa watu wazima miaka hiyo wanajua mitaro ilivyoziba, taa za barabarani zilivyozimika na taka zilivyorundikana.

Mwezi Mei 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia walijitokeza hadharani kudai vyama vingi. Rubia mwenyewe alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Nairobi. Mwezi huo huo askari wa Tume ya jiji walishuka katika mtaa wa Muoroto, karibu na kituo cha mabasi cha Machakos, wakabomoa vibanda vya wakazi na wachuuzi. Watu walipambana nao kwa mawe, na viongozi wa makanisa wakalaani kitendo hicho. Kutoka Muoroto hadi uwanja wa Kamukunji ni mwendo mfupi kwa miguu, na hapo Kamukunji ndipo umati ulipojaribu kukusanyika tarehe 7 Julai 1990, siku tunayoiita Saba Saba. Wanahistoria wataandika mengi kuhusu siku hiyo. Sisi tunaongeza neno moja tu: mtu aliyebomolewa nyumba bila kuulizwa hahitaji kufundishwa maana ya utawala wa chama kimoja.

Tulidhani kwamba jambo la kuliondolea jiji kura yake lilikuwa limezikwa. Halikuzikwa. Mapema mwaka 2020 kazi muhimu za Kaunti ya Nairobi zilihamishiwa Serikali Kuu, na chombo kipya, chini ya Meja Jenerali wa jeshi, kikaziendesha hadi mwaka 2022. Haki lazima isemwe: visima vilichimbwa katika mitaa ya mabanda, hospitali zikajengwa, na barabara kadhaa zikatengenezwa. Lakini mkazi wa Korogocho asiyeridhika angempelekea nani malalamiko yake? Jenerali hakuomba kura yake, na gavana aliyeiomba alikuwa ametia saini kuzitoa kazi hizo. Maji yaliyoletwa kwa amri huweza kuondolewa kwa amri, na mwananchi akabaki ameshika ndoo tupu asijue alalamikie mlango gani.

Uwanja wa umma ni mapafu na ni sauti

Wako watu wanaosema kwamba habari za miti na mito ni anasa, na kwamba wapigania haki washughulikie katiba na kura. Tunawaomba wakumbuke mwaka 1989, wakati chama kilichotawala kilipotaka kujenga jumba la orofa 60 ndani ya Uhuru Park. Profesa Wangari Maathai aliandika barua kwa kila ofisi, akadhihakiwa Bungeni, na shirika lake la Green Belt likafukuzwa katika ofisi zake. Hatimaye waliotarajiwa kutoa fedha walirudi nyuma na mradi ukafa.

Sasa mtazame kilichotokea baadaye. Mwezi Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikuja Nairobi kuwadai watoto wao. Walikaa wapi? Walikaa katika pembe ya Uhuru Park, wakafunga kula, na polisi walipokuja na mabomu ya machozi mwezi Machi dunia nzima iliona. Lau bustani hiyo ingekuwa imegeuzwa jumba, akina mama wale wangesimama katika baraza ya tajiri na kufukuzwa na bawabu. Vivyo hivyo Bustani ya Jeevanjee, iliyopewa watu wa Nairobi mwaka 1906, ilinusurika mwaka 1991 kutokana na mpango wa kuigeuza mahali pa kuegesha magari. Na baadaye ikawa ndipo wananchi wasio na ukumbi hukutana kujadili mambo ya nchi yao. Kamukunji nayo isingekuwa uwanja, Saba Saba ingekutania wapi?

Kwa hiyo ardhi ya umma ina kazi mbili. Ndiyo mapafu ya jiji, mahali pa kupumulia na pa maji ya mvua kunywewa na udongo. Ndiyo pia koo la jiji, mahali ambapo asiye na gazeti wala kituo cha redio anaweza kusema akasikika. Anayeinyakua huua vyote viwili kwa pigo moja, na hatuamini kwamba wanyakuzi hawalijui hilo.

Ardhi ya umma ilivyogeuzwa hongo

Hapa lazima tuseme jambo lisilopendeza kwetu sisi tulioimba nyimbo za mageuzi. Kifungu cha 2A kilipofutwa mwezi Desemba 1991, wenye madaraka hawakukata tamaa. Walitafuta sarafu mpya ya kununulia wafuasi, wakaipata katika ardhi. Tume iliyoteuliwa mwaka 2003 chini ya Paul Ndung'u kuchunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma ilikabidhi ripoti yake mwaka 2004. Ilieleza kwamba ugawaji huo ulitumiwa kama zawadi ya kisiasa, nao ulizidi hasa karibu na nyakati za uchaguzi wa ushindani. Misitu, viwanja vya shule, akiba za barabara, masoko, hata vyoo vya umma, vyote viliandikwa majina ya watu binafsi. Yaani kura yetu mpya ililipiwa kwa ardhi yetu wenyewe.

Msitu wa Karura, wenye hekta 1,000 na zaidi kaskazini mwa jiji, ulikuwa umekwisha kukatwa vipande kwenye karatasi. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake, wakiwemo wabunge, walikwenda kupanda mche wakapigwa na walinzi wa kukodiwa hadi kuvuja damu. Wanafunzi wa chuo kikuu wakaingia barabarani. Mwezi Agosti mwaka huo huo Rais akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Leo Karura imesimama, na watoto wa Nairobi huendesha baiskeli chini ya miti ambayo wakubwa walikuwa wameshaipangia majumba. Imesimama kwa sababu watu walikubali kupigwa kwa ajili yake.

Lakini ripoti ya Ndung'u ilipendekeza hati haramu zifutwe na mahakama maalumu ya ardhi iundwe kushughulikia kesi hizo. Serikali zimekuja na kuondoka, na sehemu kubwa ya mapendekezo hayo imebaki kwenye rafu. Katika serikali hizo zote walikuwemo wanamageuzi, watu tuliokuwa tukikimbizwa nao na polisi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Vyama vimebadilika, jaa halijabadilika

Ushahidi wa wazi uko Dandora. Jaa hilo lilifunguliwa katika miaka ya 1970, na mwaka 2001 likatangazwa kuwa limejaa. Zaidi ya miaka 20 baada ya tangazo hilo malori yalikuwa bado yakimwaga taka humo. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake makuu hapa hapa Nairobi, lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kinachokubalika kimataifa. Madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto, na akili iliyodhuriwa namna hiyo hairudishwi na dawa wala na karo ya bure.

Tangu Katiba ya 2010 ianze kutumika na kaunti kuundwa, Nairobi imewachagua magavana watatu: mwaka 2013 kwa tiketi ya ODM, mwaka 2017 kwa tiketi ya Jubilee, mwaka 2022 kwa tiketi ya UDA. Vyama vitatu, rangi tatu, nyimbo tatu. Wote watatu walilikuta jaa la Dandora. Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru shughuli za jaa hilo zikomeshwe na lihamishwe, tena kwa muda wa miezi sita. Miezi hiyo ilipita na moshi ukaendelea kupanda. Anayedhani kwamba kubadilisha chama peke yake ni mageuzi, na asimame Dandora jioni moja avute pumzi.

Na madhara hayo hayaishi Nairobi. Mito yetu huungana na mto Athi, nao huteremka kupitia Machakos na Makueni, ambako wakulima hunywesha mifugo na kumwagilia mboga, mboga ambazo nyingine hurudi katika masoko yetu. Mbele yake mto huo huitwa Galana, kisha Sabaki, na huingia Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Kwa hiyo kiwanda kinachofungulia maji taka usiku pale Eneo la Viwandani kinamtilia sumu mvuvi asiyejua hata jina la mtaa huo.

Kipimo kimoja kwa wote

Watatuambia kwamba si kweli kuwa ni maskini tu wanaobomolewa. Ni kweli kwamba mwezi Agosti 2018 majengo makubwa ya biashara yaliyosemekana kukalia ardhi ya mto, likiwemo Ukay Centre la Westlands na South End Mall la Lang'ata, yaliangushwa mchana kweupe huku wananchi wakishangilia. Nasi tuliyaona. Lakini tunauliza: hati za majengo hayo zilitoka wapi? Ramani zake zilipigwa muhuri na nani? Jengo la orofa kadhaa haliwezi kuchipuka usiku kama uyoga. Afisa alipokea maombi, mwingine akakagua, mwingine akatia saini, na huenda kuna aliyekula. Tingatinga liliponda saruji, lakini kalamu iliyoandika ruhusa ilirudi mfukoni salama.

Hapo ndipo ilipo kasoro ya kusafisha jiji kwa kubomoa. Huadhibu matokeo na kuacha chanzo. Kanuni za mwaka 2006 za ubora wa maji zilitaka ukingo usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30, kulingana na mahali mafuriko makubwa yalipofika. Sheria na kanuni nyingine zina vipimo vyake. Katika tofauti hizo za vipimo ndimo rushwa inamopata chumba cha kulala: mwenye pesa hupimiwa mita 6, asiye na pesa hupimiwa 30.

Wala tusiseme kwamba jambo haliwezekani. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku, na pamoja na magendo yaliyobaki, mitaro yetu si ile ya zamani. Mwezi huo huo wa Agosti 2017 mtaa wa Mukuru ulitangazwa kuwa eneo maalumu la kupangwa upya, na wakazi wa kaya zipatazo 100,000, kupitia vyama vyao vya mtaani, wakaketi pamoja na wataalamu kusema barabara ipite wapi na bomba lifike wapi. Kazi haijakamilika, lakini kwa mara ya kwanza ramani ilichorwa na watu waliokuwa juu yake. Na kule Mombasa wakazi wa Owino Uhuru, waliotiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri, waliingia mahakamani na kupewa haki mwaka 2020 kwa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Uamuzi huo ulipinduliwa katika rufani, wao hawakuchoka, na mwezi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia ushindi wao. Kifungu cha 42 cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya mazingira safi, kina meno iwapo kuna watu wa kukishikilia.

Tunayodai

Kwanza, tunadai daftari la ardhi yote ya umma ya Nairobi liwekwe wazi, kila uwanja, kila akiba ya barabara, kila ukingo wa mto, pamoja na jina la aliyeukalia na la afisa aliyempa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kifungu cha 35 cha Katiba na sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari zinatupa haki hiyo. Na mapendekezo ya ripoti ya Ndung'u yatekelezwe, hata kama yatawagusa waliomo katika vyama vyetu.

Pili, kingo za mito zipimwe kwa kipimo kimoja, alama ziwekwe ardhini, na kipimo hicho kianzie juu, kwenye majumba, kabla hakijafika chini kwenye mabanda.

Tatu, asibomolewe mtu kinyume cha sheria. Sheria ya ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inataka ilani ya maandishi ya miezi mitatu kabla ya watu kuondolewa, na Kifungu cha 43 cha Katiba kinataja makao kuwa haki. Pale ambapo maji yanatishia uhai, watu waondolewe kwa haraka, ndiyo, lakini wapelekwe mahali palipo na paa, choo na shule, wala si barabarani. Mwaka 2025 Serikali ilizindua mpango wa kuifufua mito ya Nairobi. Tunauunga mkono kwa sharti hilo: mto usifufuliwe kwa kuwazika waliokaa kando yake.

Nne, jaa la Dandora lifungwe kama mahakama ilivyoamuru, na wale wanaojipatia riziki kwa kuokota humo wapewe nafasi ya kwanza katika kazi ya kutenganisha na kutumia upya taka. Kulifunga bila wao ni kuwaondolea sumu na chakula kwa pamoja.

Tano, sheria ya mwaka 2011 ya miji na majiji itekelezwe, wakazi wapate mabaraza yao ya kujadili huduma, na bajeti ya kila wadi ibandikwe mahali ambapo mtu anaweza kuisoma bila kumwomba karani.

Wajibu wetu wenyewe

Haitakuwa haki kuwanyoshea wakubwa kidole na kujisahau. Ni sisi tunaotupa maganda na chupa kupitia dirisha la matatu. Ni sisi tunaoziba mtaro kwa kibanda kisha tunalia mvua inaponyesha. Ni sisi tunaopokea noti ya mia mbili siku ya mkutano na kumpigia kura mtu ambaye tunajua shamba lake lilikuwa uwanja wa shule. Na mkutano wa kujadili bajeti ya kaunti unapoitishwa, viti hubaki vitupu, kisha tunashangaa fedha zimekwenda wapi. Asiyekuwepo na lake halipo.

Tulipokuwa tukidai vyama vingi tuliambiwa kwamba tunataka kuleta vurugu. Tulijibu kwamba tunataka kuulizwa. Madai yetu ni yale yale. Mama wa Mathare anataka kuulizwa kabla mtaa wake haujachorwa upya, na anataka ajibiwe anapouliza ni nani aliyeiuza ardhi ya maji. Siku atakapojibiwa, kwa jina na kwa tarehe, na aliyehusika akafikishwa mahakamani awe wa chama chochote, ndipo tutakaposema kwamba mageuzi yamefika Nairobi. Mvua haingoji uchaguzi. Mwezi huu, kila msomaji wetu aende katika ofisi ya wadi yake aulize swali moja tu: ni viwanja vingapi vya umma vilivyobaki hapa, na viko wapi? Akinyimwa jibu, arudi na jirani yake. Wakinyimwa wote wawili, warudi na mtaa mzima.